Union yenye marejeo au Habari Njema? Biblia za kununua Tanga kwa anayetaka kusoma mstari pamoja na jirani zake

Kwenye meza ya muuza Biblia Tanga mjini, mnunuzi huulizwa kama anataka kubwa au ndogo, ya zipu au ya jalada gumu, nyeusi au ya rangi. Ni maswali ya haki, maana kitabu kitakaa mkononi miaka mingi. Lakini kwa anayetaka Maandiko yamwongoze, badala ya yeye kuyaburuta yafike anakotaka, kuna swali jingine la kuuliza kabla ya kutoa fedha: chapa hii inanirahisishia kuona kilichoandikwa kabla ya mstari huu na baada yake, au inanifichia?

Tathmini hii inapima kwa swali hilo. Mezani tumeweka Biblia ya Union yenye marejeo (orodha ya mistari mingine inayohusiana na ule unaousoma), Biblia ya Habari Njema, itifaki (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo), na programu za Biblia za simu.

Jina la kanga limekamilika lenyewe. Aliyevaa "Wema hauozi" hana sentensi iliyotangulia ya kukueleza, kwa sababu haipo. Ukilisoma Chumbageni au ukilisoma Pangani linasema lile lile, na mvaaji ana ruhusa ya kumwelekezea jirani yeyote amtakaye. Mstari wa Biblia haukuzaliwa hivyo. Ni kipande cha barua, cha wimbo, cha hukumu ya nabii au cha masimulizi, na namba yake ilikuja baadaye sana. Sura tunazozijua zilipangwa na Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na Robert Estienne mwaka 1551. Paulo hakuwahi kuandika "Wafilipi nne kumi na tatu". Aliandika barua akiwa kifungoni, ikasomwa mbele ya watu tangu salamu mpaka kwaheri.

Kwa hiyo mstari ukichomolewa na kubandikwa nyuma ya bodaboda inayotoka Ngamiani kwenda Raskazone, umeshageuzwa kuwa jina la kanga. Haumtii tena aliyeuandika. Unamtii mwenye mkasi.

Jaribio la kwanza mezani kwa muuzaji

Omba ruhusa, fungua mahali panne: Yeremia 29, Wafilipi 4, Waefeso 5 na Zaburi 105. Dakika tano zinatosha. Unatazama mambo matatu: vichwa vidogo vimewekwa wapi, marejeo yanakupeleka wapi, na kama kuna tanbihi chini ya ukurasa.

Anza na Yeremia 29:11, pengine mstari unaobandikwa kuliko yote mjini. Union inasema: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Neno la kwanza ni "maana", na "maana" haianzi hoja, inaitegemeza hoja iliyotangulia. Rudi mstari wa 10: Babeli itimiziwe kwanza miaka sabini. Rudi mstari wa 5: jengeni nyumba, pandeni bustani. Rudi mstari wa 1: hii ni barua iliyotumwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu. Mtu mzima aliyeipokea barua hiyo alikuwa anaambiwa kwamba atazikwa ugenini, na kwamba tumaini ni la taifa, watoto na wajukuu wakiwamo. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani lugha yetu hutenga "wewe" na "ninyi" kama Kiebrania na Kiyunani zinavyotenga. "Ninyi" imo mara mbili ndani ya mstari huo mmoja, na "zenu" juu yake.

Sasa geuza ukurasa mmoja nyuma. Sura ya 28 ina mistari 17 tu na ndiyo ufunguo. Nabii Hanania anasimama hekaluni na kutangaza kwamba yote yatarudi ndani ya miaka miwili. Anaitwaa nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Ndilo neno watu walilolitamani. Jibu analopewa ni kwamba amevunja nira za mti, na mahali pake zitakuja za chuma. Mwaka ule ule, mwezi wa saba, Hanania akafa. Barua ya sura ya 29 inakwenda Babeli, kwa wahamishwa ambao nao walitamani neno kama lile la Hanania. Anayeushika mstari wa 11 kama hati kwamba kiwanja, safari au mchumba vitapatikana kabla ya Desemba, ameyatia maneno ya Hanania kinywani mwa Yeremia. Hilo ni kosa zito, wala halitibiwi kwa kusema "lakini linanitia moyo".

Chapa yenye marejeo mazuri, pale kwenye mstari wa 10, itakupeleka Yeremia 25:12, Danieli 9:2 na mwisho wa 2 Mambo ya Nyakati. Ukiyakuta matatu hayo, aliyeyapanga alifanya kazi yake. Pambizo ikiwa tupu hapo, hiyo ni Biblia ya kusomea ibadani. Ya kujifunzia si hiyo.

Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", huvaliwa na timu za mpira, watahiniwa, na hata mtu anayechukua mkopo mkubwa kuliko mauzo ya duka lake. Mstari wa 12 unasema mambo hayo ni yapi: kudhiliwa na kufanikiwa, "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa". Mstari wa 14 unaanza na "lakini", Paulo akiwashukuru kwa kushiriki dhiki yake. Yote, tangu mstari wa 10 hadi wa 20, ni shukrani kwa kifurushi alichokileta Epafrodito. Nguvu inayosemwa ni ya kubaki mwaminifu sahani ikiwa tupu. Tazama basi kama chapa yako imekata kipande hicho kwa kichwa kidogo katikati. Ikiwa imekiacha kizima toka 10 hadi 20, vizuri.

Waefeso 5 ndipo vichwa vidogo huumiza watu wa ndani ya nyumba. Kuna chapa nyingi, za lugha nyingi, zinazoweka kichwa kuhusu wake na waume kati ya mstari wa 21 na wa 22. Lakini katika nakala za kale kabisa za Kiyunani, mstari wa 22 hauna kitenzi chake. Unaazima "kunyenyekea" ya mstari wa 21, "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo". Ukikata hapo, unamwachia mume amri ya mke na kumfichia ile inayowahusu wote wawili. Kisha mstari wa 25 unamwagiza mume apende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, "akajitoa kwa ajili yake". Hesabu tu: maneno kwa wake yanachukua mistari mitatu, 22 mpaka 24. Kwa waume yanaanza 25 na kuendelea mpaka 33. Mwenye kusoma mitatu na kufunga kitabu hajaisoma sura hiyo. Chapa ambayo kichwa kimekaa juu ya mstari wa 21, ipe alama ya juu.

Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu", hutumika kumnyamazisha muumini anayeuliza hesabu za sadaka. Soma toka mstari wa 12. Wanaosemwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga; wanaokemewa ni wafalme. Marejeo mazuri yatakupeleka Mwanzo 20:7, Ibrahimu anapoitwa nabii mbele ya Abimeleki, na 1 Mambo ya Nyakati 16:22, wimbo ule ule unaporudiwa. Mwenye nguvu anazuiwa asimdhuru mnyonge. Andiko likigeuzwa, mnyonge anazuiwa asimuulize mwenye nguvu. Daudi alikuwa mtiwa mafuta wa Bwana, na nabii Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Union yenye marejeo

Tafsiri hii ilitoka nzima mwaka 1952, Agano Jipya likiwa limetangulia mwaka 1950. Iliunganisha kazi za pwani zilizotangulia, hasa ile ya Unguja iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere, ambayo Biblia yake nzima ilichapwa 1891, na ile ya upande wa Mombasa. Ndiyo maana ya jina Union. Mkoa wa Tanga una uzi wake katika historia hii: kazi ya Waanglikana wa Unguja ilivuka hadi Magila, Muheza, na Karl Roehl wa misheni ya Bethel, mwenye Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1937, ndiye aliyechapisha sarufi ya Kisambaa mwaka 1911. Roehl alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Union ikayashika. Kwa msomaji wa bara maneno kama saburi, radhi na kudhiliwa huwa mzigo. Kwa mtu wa Tanga mengi ya hayo ni maneno ya sebuleni kwa bibi, na hiyo ni sababu tosha ya kumpendekezea Union kama kitabu chake cha kufanyia kazi.

Sababu kubwa zaidi ni viungo. Union huviacha mahali pake: maana, basi, kwa hiyo, kwa kuwa, ili, lakini. Hivyo ndivyo misumari ya hoja. Warumi 8:28 inazungumzia "mema", na kila mmoja hujaza mema ayatakayo. Mstari wa 29 unaanza na "maana" na kueleza mema yenyewe ni yapi: "wafananishwe na mfano wa Mwana wake". Chukua penseli, zungushia duara kila kiungo katika sura moja, kisha andika pembeni kinaunganisha nini na nini. Ni kazi ya nusu saa kwa sura ya urefu wa Warumi 8, na inaonyesha mahali ambapo mtu alikuwa ameruka.

Tena Union huhifadhi wewe na ninyi pale panapobadilika ghafla. Luka 22:31-32: Shetani "amewataka ninyi", lakini Yesu "nimekuombea wewe". Hatari ni ya wote, ombi ni la Simoni, na kazi anayopewa ni kuwaimarisha ndugu zake. Wafilipi 4:19, ahadi ya kujazwa kila mnachohitaji, ni ya "ninyi" pia, na waliokuwa wakiambiwa ni kanisa lililokwisha kutoa kwa ajili ya mfungwa.

Ina udhaifu mmoja ambao hatuwezi kuupitisha kimya. Haina alama za kufungua na kufunga usemi. Anayesema huonekana kwa mkato na herufi kubwa tu, na katika kitabu chenye wasemaji wengi msomaji hupotea. Mfano mbaya kuliko yote ni Ayubu 8:7, kuhusu mwanzo mdogo na mwisho utakaoongezeka. Mstari huo husomwa katika ufunguzi wa maduka na harusi. Msemaji ni Bildadi. Mistari mitatu kabla yake anamwambia baba aliyefiwa kwamba watoto wake walikufa kwa makosa yao. Na katika 42:7 Bwana anasema wazi kwamba Elifazi na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa. Maneno yamo ndani ya Biblia, ndiyo. Yamo kama maneno ya mtu aliyekemewa. Ukisoma Ayubu kwa Union, andika jina la msemaji kwa penseli juu ya kila sura. Sura ziko 42, kazi huisha kwa jioni moja.

Tatizo hilo hilo linaonekana 1 Wakorintho 6:12, "Vitu vyote ni halali kwangu". Wafafanuzi wengi huona kwamba hapo Paulo anarudia kauli ya Wakorintho wenyewe ili aijibu, na "lakini" inayofuata ndiyo sauti yake. Katika Union kauli na jibu vimevaa nguo moja, na mwenye tamaa yake huchukua nusu ya kwanza.

Jambo dogo: chapa za zamani huandika "yo yote" na "cho chote" kwa kutenganisha. Halisumbui macho, ila litasumbua utafutaji kwenye simu, kama tutakavyoona. Na ukikuta mstari ndani ya mabano ya mraba, kama Mathayo 17:21, maana yake nakala kadhaa za kale hazina maneno hayo. Usijenge juu yake fundisho linalosimama peke yake.

Habari Njema

Biblia ya Habari Njema ilikamilika miaka ya 1990, Wakatoliki na Waprotestanti wakishirikiana, na inapatikana pia ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni, vile vya ziada ambavyo Wakatoliki huvihesabu kuwa Maandiko. Mkatoliki aulize hilo mapema, kwani chapa mbili hufanana kwa jalada: moja ina vitabu 66, nyingine zaidi.

Nguvu yake ni kwamba unaweza kusoma kitabu kizima bila kukwama. Alama za usemi zipo, aya zimegawanywa, na ile kauli ya "kila kitu ni halali" imewekwa wazi kama maneno ya mtu mwingine. Kwa kusoma kitabu cha kinabii toka mwanzo hadi mwisho, au kumsomea mzee asiyeona vizuri, hatujui chombo kizuri kuliko hiki katika Kiswahili.

Udhaifu wake ni upande wa pili wa wema huo. Mtafsiri amekata sentensi ndefu ili zieleweke, na anapokata, kiungo huanguka. Waefeso 1:3-14 ni sentensi moja katika Kiyunani. Ikivunjwa vipande, mtu hukipenda kimoja na kukibeba. Pia pale ambapo maneno ya asili yana maana mbili, mtafsiri amekuchagulia moja. Wala vichwa vyake vidogo si Maandiko. Tumesikia kichwa kidogo kikihubiriwa kama mstari. Sema hivyo hivyo kwa kikundi chako, kwamba hayo ni maneno ya wahariri.

Mpangilio unaofaa ni huu: soma barua au kitabu chote kwa Habari Njema kwanza, mara moja, bila kusimama. Wafilipi ina mistari 104 na haizidi nusu saa hata kwa sauti. Jiulize nani anamwandikia nani, wamepatwa na nini, na mwandishi anataka wafanye nini. Ndipo uchukue Union kwa kile kipande unachokihitaji, penseli mkononi, angalau aya moja kabla na moja baada. Mwenye kuanza na Union kwenye mstari anaoupenda huwa ameshaamua jibu.

Itifaki na simu

Itifaki ni kitabu cha tatu kununua. Kabla ya kulipa, tafuta humo neno "fanikiwa" na uone kama kimekusanya pamoja ufanikiwe, kufanikiwa na ifanikiwavyo. Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno, na itifaki iliyopanga maneno kwa herufi ya kwanza bila kujali shina itakutawanyia habari moja kurasa tano. Hatari yake nyingine ni ya kimatumizi. Mtu hukusanya mistari kumi yenye neno moja, huiunga kama shanga, na kuiita fundisho. Shanga mojawapo huwa 3 Yohana 1:2, "naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako". Hiyo ni salamu ya barua kwa mtu mmoja, Gayo. Barua za Kiyunani zilianza kwa kumtakia mtu afya, kama zetu zilivyoanza kwa kujuliana hali kabla ya "ama baada ya salamu". Ni dua njema ya rafiki, na inabaki dua. Fundisho la utajiri halimo humo.

Programu za simu zina faida moja kubwa: kuweka Union na Habari Njema pamoja kwenye kioo. Pakua maandishi yasomeke bila intaneti, na uzime mstari wa kila siku unaojileta asubuhi, kwa sababu unakufundisha kula vipande. Unapotafuta, andika shina tu, mfano "fanikiw", kama programu inaruhusu sehemu ya neno. Nyingi hutafuta neno zima, na ukiandika "yoyote" hazitakuonyesha "yo yote". Ukishagusa jibu, usisome pale pale ilipokudondosha. Panda mpaka mwanzo wa sura. Tabia hiyo moja huondoa nusu ya makosa.

Muktadha nao hutumiwa vibaya

Kuna msomaji anayejifunza neno "muktadha" na kuligeuza kuwa mlango wa kutokea. Kila mstari unaomchoma anasema ulikuwa wa watu wale, desturi ya wakati ule. Muktadha uliosomwa kweli mara nyingi hufanya andiko liume zaidi. Yakobo 5:4 inasema ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiwa kwa hila, "unapiga kelele". Soma mistari ya jirani, jua kwamba kibarua wa siku zile alikula kwa malipo ya siku ile ile, na mwenye shamba la mkonge au la machungwa huku kwetu hatapata pa kujificha.

Malaki 3:10 ni hivyo hivyo. Husomwa kwa waumini wakati wa zaka, na madirisha ya mbinguni huahidiwa kwa kila bahasha. Lakini kitabu kina sura nne tu, kisome chote. Sura ya 1 inawashtaki makuhani kwa kutoa wanyama vipofu na vilema. 2:1 inawaita makuhani kwa jina la kazi yao. 3:5, mistari mitano tu kabla, inawataja wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, mjane na yatima. Ghala lenyewe lilikuwa la nafaka: Nehemia 13:10-12 inaonyesha Walawi wakikimbilia mashambani kwa kukosa posho, na Kumbukumbu 14:28-29 inaeleza zaka ya mwaka wa tatu kuliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Anayeuhubiri mstari wa 10 na kuuruka wa 5 amelishika andiko kwa upande usiomkata.

Pima pia Kumbukumbu la Torati 28. "Kichwa, wala si mkia" ni mstari wa 13. Baraka zinachukua mistari 14, laana zinachukua 54, na katika mstari wa 44 mkia unarudi, safari hii kwa aliyeasi. Yote ni agano na Israeli, lenye sharti la kuisikia sauti ya Bwana mlangoni pake.

Mwili wa kitabu

Unyevunyevu wa pwani unaua Biblia. Masika yakiingia, karatasi nyembamba hushikana na kuota ukungu, na gundi ya mgongo hulegea. Fungua kitabu katikati, kwenye Zaburi, uchungulie mgongo: ukiona uzi, kimeshonwa, usipouona, kimegundishwa, na kurasa za Mwanzo na Ufunuo zitakuwa za kwanza kutoka. Kilichoshonwa hulala wazi mezani bila kushikiliwa, jambo la maana kwa mtu anayelinganisha vitabu viwili. Jalada la zipu huzuia vumbi la daladala lakini hufungia unyevu ndani; kifungue kipate hewa mara kwa mara, kivulini, kamwe si juani.

Andika kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili, na ya rangi ya kung'arisha ni mbaya zaidi kwa sababu nyingine: mstari uliopakwa njano huvuta jicho kila unapofungua, na jirani zake hupotea. Kama lazima kuweka alama, piga mstari wa wima pambizoni, ukifunika aya yote.

Chapa zenye maneno ya Yesu kwa rangi nyekundu hatuzipendekezi kwa kujifunzia. Wino hufifia, na msomaji huanza kudhani nyeusi ina uzito mdogo. Ramani za mwisho wa kitabu, kinyume chake, zina thamani kuliko watu wanavyodhani. Tafuta iliyo na Babeli na iliyo na safari za Paulo. Chapa za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina ramani, na herufi zake huchosha macho kwa taa ya jioni.

Kwa mtu mmoja, nunua Union yenye marejeo iliyoshonwa, na Habari Njema yoyote isomekayo, hata iliyotumika. Kwa kikundi cha watu wanane hakuna haja ya vitabu kumi na sita: Union yenye marejeo mbili, Habari Njema nne, itifaki moja ya kupokezana, simu mbili zilizopakuliwa maandishi. Mmoja asome sura yote kwa sauti kutoka Habari Njema, wawili wenye Union wafuatilie viungo na marejeo, na asiyekuwa na kitabu apewe kazi ya kuuliza, kila mara mtu anaponukuu mstari, nani anasema na anamwambia nani.